Kumleta Mama kutoka Vitshumbi kwa Jipi Isiyopanda Mlima

Sogeza kiti karibu, wewe uliyeniuliza juzi kama ni kweli chukudu zilitupita kwenye mlima wa Rugari. Ni kweli. Zilitupita zikiwa zimejaa kabichi, na chukudu, kama unavyojua, ni mbao mbili na magurudumu, haina injini. Mlimani inasukumwa na mtu. Tangu turudi nimeulizwa jambo hilo na wengi hata nimeona afadhali nilieleze lote kwa maandishi, hatua kwa hatua, ili anayetaka kucheka acheke akiwa ameelewa. Habari za kukodi gari na karatasi zake naziruka. Hazina faida kwa mtu.

Kwanza shika neno hili: madaktari wa macho walikuwa wamekuja katika hospitali moja hapa Goma, na Ijumaa jioni walikuwa wanafunga vyombo vyao na kuondoka. Mama yangu alikuwa Vitshumbi, kule kwenye ziwa, kwa mdogo wake. Alihamia huko mwaka wa volkano, mji ulipoambiwa uhame, na akakataa kurudi kwa sababu ardhi ya huko haimtikisi usingizini. Sasa macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu. Asiyefika Ijumaa angengoja madaktari warudi, na hakuna aliyejua watarudi lini. Waasi walikuwa wameanza tena kusikika kwenye vilima vya Rutshuru, kwa hiyo hata barabara yenyewe haikuwa na ahadi. Niliondoka Jumanne.

Mabanga mpaka Kibumba

Mimi nafundisha watu kuendesha gari. Wanafunzi wananiita Monitrise, na jina hilo limeingia mtaani kote Mabanga. Gari langu la kufundishia liliungua Buhene likiwa kwa fundi, volkano ilipopita hapo. Ndiyo maana nilikwenda kwa jirani yetu Papa Deo, anayekodisha jipi yake.

Jipi hiyo ni fupi lakini imesimama juu. Ina vyuma vya kubebea mizigo juu ya paa, tairi ya akiba mgongoni, na rangi inayong'aa. Ikiwa imesimama, unaiheshimu. Ikianza kwenda, unaihurumia.

"Motere yake iko na nguvu gani?" nilimuuliza.

"Inatosha," Papa Deo akasema.

"Inatosha nini?"

"Inatosha hii motokari, Monitrise. Usiwaze mingi. Hii ni jipi, inaendaka fasi yote."

Nilifungua boneti. Ndani kulikuwa na injini ndogo, ya kubeba watu wanne na mkate kwenye lami ya mjini. Walichukua mwili mkubwa wakautia moyo wa kuku. Lakini magari mengine yote niliyoulizia yalikuwa yameshachukuliwa, na Ijumaa ilikuwa Ijumaa.

Kutoka mjini kwenda kaskazini njia inapanda taratibu. Hata miguu yako haitambui mlima huo. Injini ya Papa Deo iliutambua kabla hatujamaliza nyumba za Majengo. Nilikuwa kwenye vitesi, yaani gia, ya tatu, gari likaanza kutetemeka kama mtu anayetaka kulia. Nikashuka ya pili. Likanguruma, kelele nyingi, mwendo hakuna. Ukikanyaga mafuta zaidi, sauti ndiyo inayoongezeka, si mwendo.

Nikueleze kwa nini, maana si uchawi. Injini nayo inapumua. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, na injini ndogo yenye hewa nyepesi ni kama mtu mwenye pumu anayepandishwa ngazi. Tena kile kiyoyozi, tunachokiita klima, hakijiendeshi chenyewe. Kinakula nguvu ya injini ileile. Nilipokizima, jipi ilipata uhai kidogo. Nikafungua vioo, vumbi likaingia lote. Ukiendesha gari la namna hii unachagua: kupumua wewe au lipumue lenyewe.

Pale Kanyaruchinya, kati ya mahema ya waliokimbia vita, mama mmoja mwenye kidumu cha maji mgongoni alikuwa anatembea kando ya barabara. Alitembea sambamba na kioo changu muda mrefu mno, mpaka ikabidi tusalimiane.

"Mama, imeharibika?"

"Hapana, inapanda."

Akaitazama. "Basi weye enda mbele tu. Tutakukuta kule."

Na kweli, niliposimama kwenye njia iliyokatwa juu ya mawe meusi ya volkano kungoja lori lipite, alinikuta. Alinipungia mkono kwa adabu, na adabu hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Kibumba mpaka Kiwanja

Kibumba kuna baridi na kuna viazi. Nilikula viazi vya kuchoma na nyama ya mbuzi nikiwa nimeegemea boneti, kwa joto lake. Hilo ni jambo moja zuri la injini inayoteseka: inakupasha mikono.

Baada ya hapo njia inateremka, na jipi ikageuka kuwa gari. Tutende haki: freni zake ni nzuri, volani ni laini, viti havichoshi mgongo, na mafuta inakunywa kwa unyenyekevu. Laiti dunia yote ingeteremka, ningewashauri wote muikodi.

Kwenye barieri moja askari alinyoosha mkono nisimame. Alizunguka jipi, akatazama vyuma vya paani, akatabasamu.

"Karibu, Madamu. Mumeleta mashiti ya mahema ama mumeleta unga?"

Nikamwambia mimi si wa shirika lolote la misaada, ninakwenda kumchukua mama yangu.

"Njo vile munasemaka kila siku. Muandike basi majina."

Kabla sijajibu, watu walikuwa wameshapanga mstari. Nilishuka, nikawaeleza polepole kwamba gari ni la kukodi, halina unga, halina hata nguvu ya kubeba unga. Mzee mmoja wa mbele alinisikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa, kisha akaniambia kwa upole: "Tumesikia, Mama. Sasa bosi yako anakuya lini?" Niliondoka nikiwa nimemwahidi kwamba nikikutana na bosi nitamwambia.

Kiwanja mpaka Vitshumbi

Nililala Kiwanja. Kutoka hapo njia inaingia kwenye mbuga, na hakuna anayekwenda peke yake. Asubuhi magari yanakusanyika, askari mbele, askari nyuma, na wote mnakwenda kama shanga. Ofisa aliyetupanga aliitazama jipi yangu akaiweka mbele kabisa, nyuma ya askari. "Hii ni ya mbio," akasema. Sikumbishia. Njia hiyo ni tambarare, na kwa mara ya kwanza sikumchelewesha mtu.

Tulipofika Rwindi tuliachana na wale wanaokwenda Kanyabayonga, tukaelekea ziwani. Vitshumbi inanuka samaki kabla hujaiona. Viboko wanapita kati ya nyumba kama wapangaji, na korongo wamesimama kwenye mapaa wakingoja matumbo ya samaki.

Mama alikuwa amekaa mlangoni. Hakunitazama mimi, aligeuza sikio.

"Zawadi, umekuya na motokari gani hii? Inakoroma kama mutu mwenye mafua."

"Ni jipi, Mama."

"Jipi," akarudia, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiamini.

Mzigo wa mgonjwa

Hapa ndipo nilipopoteza subira, na mnajua mimi ni mtu wa subira.

Ninyi nyote mnajua hospitali zetu. Mgonjwa haendi peke yake: anakwenda na mlinzi wa kumpikia, sufuria, makala, yale makaa ya kupikia, godoro la mlinzi, na chakula cha kukaa huko. Mama Salima, mdogo wake Mama, ndiye angekuwa mlinzi. Ni mwanamke mkubwa, Mungu ambariki, na alikuwa ameshajiandaa. Gunia la makala. Sufuria mbili na birika. Mikungu ya ndizi. Samaki wa chumvi ndani ya mkeka, na kambale wa moshi. Godoro. Na kila jirani aliyesikia kwamba Mama anapelekwa hospitali alikuja na chake mkononi.

Nikawaeleza. Upasuaji huu wa jicho ni wa muda mfupi. Unaingia, unatoka, jicho limefungwa bandeji, unalala nyumbani Mabanga kwenye kitanda chako. Kesho yake unarudi wakufungue. Hakuna kupika.

Mama Salima alinisikiliza akiwa anafunga godoro.

"Uliona wapi mutu anapasuliwa anarudia nyumbani ileile siku?"

"Jicho, Mama Salima. Si tumbo."

"Jicho haiko nyama?"

Nikamgeukia Mama. "Mama, gari hili ni dhaifu. Nilipanda nalo tupu likalia. Tuache makala peke yake, Goma makala yapo."

Mama akaeleza kwa namna anavyoeleza yeye, bila kupandisha sauti. "Hii vitu batu walinipatia na mikono yao, wanaomba nipone. Nikiacha kitu yao hapa njiani, ni kama ninawaambia sitapona. Sitaacha hata moja, Zawadi. Na sitatupa."

Tukapakia. Tairi za nyuma zilikaa chini kama kuku anayeatamia. Nilikwenda mbele ya gari nikaisemesha injini maneno ambayo siyaandiki hapa.

Kurudi mpaka Kiwanja

Alhamisi tulirudi na msafara. Tambarare ileile sasa ilikuwa ndefu. Askari wa nyuma kabisa walikuwa wananipigia honi, kisha wakanipigia taa, kisha mmoja wao akaja kwa miguu tuliposimama akaniuliza kama nimevuta freni ya mkono. Nilimwonyesha kwamba sikuvuta. Akainama kuangalia mwenyewe.

Tulifika Kiwanja tukitaka kuendelea palepale, tukaambiwa njia imefungwa: bunduki zimelia upande wa Rugari. Alhamisi ikaishia hapo. Mama Salima alifurahi, kwa maana alipata mahali pa kuwasha makala yake. Alitupikia kambale na bugali, na siwezi kudanganya, chakula kilikuwa kitamu kiasi cha kunikera zaidi. Mama alikula kidogo. Kila lori lililopita barabarani alikuwa anauliza linatoka upande gani. Alijua Ijumaa ni kesho.

Mlima wa Rugari

Asubuhi njia ilifunguliwa. Kutoka Rutshuru kwenda Goma ndiko kwenye mlima wenyewe, na mvua ilikuwa imenyesha.

Sikilizeni jinsi gari dhaifu linavyokufa mlimani. Halifi ghafla. Unatoka ya tatu kwenda ya pili, ya pili kwenda ya kwanza, na baada ya kwanza hakuna kitu. Nilizima klima, nikazima redio ingawa redio haisaidii, nikamwomba Mama Salima ashuke. Alishuka na birika lake mkononi, akaanza kupanda kwa miguu akinung'unika, na baada ya muda mfupi alikuwa mbele yetu. Hapo ndipo chukudu zilipotupita. Vijana walikuwa wameinama nyuma ya kabichi zao, jasho likiwatoka, na mmoja hakuweza kujizuia.

"Mama, uko na kamba? Tukuvute."

"Endeni na Mungu," nikawajibu.

"Tunaenda. Ni weye haiendi."

Kwenye kona yenye mawe harufu ya klachi iliingia ndani, harufu kama kucha inayoungua. Nikasimama nisije nikaiua kabisa. Mama Salima alikuwa amesimama mbele, birika mkononi, hajui arudi au aendelee. Wakati huohuo watu watatu wenye bunduki walitoka kwenye migomba.

Hatukuuliza ni wa upande gani. Siku hizo aliyeuliza alikuwa mgeni. Mkubwa wao, mwenye kofia ya sufu, alifungua mlango wa nyuma akaingia kando ya Mama bila salamu.

"Mutufikishe pale juu."

"Mkubwa, gari halipandi," nikasema. "Si kukataa. Hata sisi halitubebi."

"Jipi yote hii? Peleka."

Nikapeleka. Mnajua nini kilitokea. Niliachia klachi, injini ikalia, na tukaanza kurudi nyuma polepole, kwa heshima, kuelekea kwa wenzake wawili walioruka pembeni. Nikakanyaga freni.

"Muko munabeba nini?" akauliza, na sauti yake haikuwa nzuri. Wenzake walifungua nyuma wakaanza kutoa vitu: makala, ndizi, sufuria, samaki. Walikuwa wanatafuta kitu kingine, cha thamani, kilichoelemea gari namna hiyo. Walikuta godoro.

"Nani anahama?"

"Hakuna anayehama," Mama akasema. "Miye ni mugonjwa. Ninaenda hospitali ya macho, na leo njo mwisho. Mutoto wangu, ulikula lini?"

Yule wa kofia aliihamisha bunduki magotini.

"Ninakuuliza juu nasikia tumbo yako inalia," Mama akasema.

Mmoja wa nyuma akacheka, akanyamaza haraka.

"Zawadi," Mama akaniita, "wape samaki. Wape ndizi yote. Makala pia, watapikia nini?"

Nilimgeukia. Mambo hayohayo nilimwomba ayaache tangu Vitshumbi. Akajua ninachofikiri.

"Kutupa ni kutupa," akasema. "Kugawa ni kugawa. Wale walionipatia watapata thawabu yao hapa."

Hivyo gunia la makala lilibaki chini, na mikungu, na mkeka wa samaki, na sufuria zote mbili, na wenyewe wakaomba godoro. Mama akalitoa. Tairi za nyuma zikainuka. Yule wa kofia alishuka, akaweka bunduki begani, akatazama mlima, akatazama jipi, akapumua kama mtu aliyechoka na mimi.

"Sasa twende," akasema. "Weye endesha vizuri."

Walisukuma. Nimefundisha watu wengi kuanza kwenye mlima, lakini sijawahi kuanza kwa uangalifu kama siku ile: ya kwanza, mafuta kidogo, klachi taratibu mpaka injini ibadilishe sauti, ndipo freni. Ikashika. Kona ikapita. Tulimkuta Mama Salima, nikampakia gari likiwa linatambaa, kwa kuogopa kusimama. Yule wa kofia alikuwa bado anatembea kando ya dirisha la Mama.

"Mama," akamwambia, "wakikufungua macho, sisi hukutuona."

"Mutoto wangu," Mama akamjibu, "hata leo sikuwaona."

Hospitalini

Kutoka Kibumba tuliteremka. Mama Salima peke yake alisema kitu, mara moja: kwamba limebaki birika. Tulipofika hospitalini jua lilikuwa limeshapita kichwa, na masanduku ya vyombo yalikuwa yanafungwa kwa kamba uani. Nilimshika Mama mkono tukapita katikati ya masanduku hayo. Daktari alimtazama mara moja, akasema afunguliwe sanduku moja. Nilishukuru, na nikadhani tumeshinda.

Muuguzi alimkalisha kwenye kiti kumpima. Alimfunika jicho la kushoto kwa kiganja, akainua vidole.

"Ngapi?"

"Kuko kitu kama moshi," Mama akasema. "Mbili?"

Vilikuwa vitatu. Muuguzi akahama, akafunika la kulia. Akainua vidole, akangoja. Akawasha tochi mbele ya jicho lile, karibu kabisa.

"Mama, unaona nini?"

"Umeshawasha?" Mama akauliza.

Daktari alichukua muda kulichungulia. Kisha alinieleza, na alieleza vizuri, kwa hiyo nawaeleza alivyonieleza. Jicho la kulia lina ukungu mbele yake, kama kioo kilichochafuka. Kioo kinabadilishwa, mtu anaona. La kushoto si ukungu tu. Ni presha ya ndani ya jicho, iliyolikamua polepole kwa muda mrefu bila maumivu, mpaka mshipa wa nyuma ukafa. Presha hiyo ingegunduliwa mapema, tone la dawa kila siku lingeizuia. Sasa hakuna upasuaji wa kulirudisha.

"Lakini alikuwa anaona," nikasema. "Alikuwa anachagua mchele. Anatia uzi kwenye sindano. Tulimuuliza, akasema anaona."

"Alikuwa anaona," daktari akasema. "Kwa lile moja. Lilikuwa linafanya kazi ya yote mawili, hata yeye mwenyewe hakujua."

Walimpasua la kulia jioni ileile. Alilala Mabanga, kwenye kitanda chake, na Mama Salima alimchemshia chai kwa birika lake, akasema tena kwamba hii si hospitali ya kweli. Kesho yake bandeji ilitolewa na muuguzi wa palepale hospitalini. Mama alitazama mikono yake, akatazama uso wangu muda mrefu, akaniambia nimezeeka. Tulipotoka nje aliiona jipi, akaizunguka yote akiigusa, akarudi mbele.

"Njo haka?" akasema. "Njo haka kametutesa vile?"

Nilimrudishia Papa Deo ufunguo wake. Aliniuliza kama ilipanda. Nikamwambia ilisukumwa, na waliosukuma asiwatafute.

Mama anaona. Anaona kwa jicho moja, na dawa anatia kila asubuhi na kila jioni ili lile lisifuate lingine. Kwa hiyo mkimaliza kucheka habari za chukudu, fanyeni hivi. Leo ukienda kumsalimu mama yako au baba yako, usimuulize kama anaona, atakuambia anaona. Mkalishe penye mwanga. Mfunike jicho moja kwa kiganja, mwenzako asimame mbele yake kimya, ainue vidole, umuulize ni vingapi. Kisha hamisha kiganja, ufanye vilevile kwa jicho la pili. Akikosea hata moja, mpeleke akapimwe wiki hii.